Habari na Bahari: Maneno Yangu Kuhusu Kupanga Herufi

Haya niliyasema jioni moja mjini Tanga, mbele ya vijana wanaojifunza kuandika programu, wazazi wao wachache na mwalimu wangu wa zamani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu yale niliyoyarudia kwa sababu maikrofoni ilikuwa ikikatakata.

Mwalimu wangu uliyeketi pale mbele, shikamoo. Wazazi mliokuja, shikamooni. Vijana wenzangu, habari zenu?

Asanteni. Sasa msiliache lile neno liende. Habari. Herufi sita: h, a, b, a, r, i. Zichanganye kama karata, kisha zipange upya: b, a, h, a, r, i. Bahari. Ndiyo hii hii inayotupulizia upepo dirishani. Hakuna herufi iliyoongezwa, hakuna iliyoibiwa.

Na si hilo peke yake. Rafiki ni fikira. Samaki ni masika. Kazi ni kiza, na kwa bahati mbaya ni zika pia. Lima, mali, mila na imla ni herufi nne zile zile. Sita ukiivuruga unapata tisa, na kwenye tarakimu ni hivyo hivyo, maana 6 ukiipindua unaona 9. Jambo hilo limenichekesha tangu darasa la nne na bado linanichekesha. Watu wa dini mtanisamehe, lakini imani, amini na maini yametoka chungu kimoja.

Mwenyeji wetu aliponipigia simu aliniomba nizungumze dakika arobaini kuhusu kupanga herufi za stringi, yaani maandishi ndani ya programu, katika lugha ya Python. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo ni kazi ya mstari mmoja, dakika arobaini nitasema nini? Nilipokata simu nikaanza kuhesabu mara ambazo mstari huo mmoja umewahi kuniumbua. Nikampigia tena nikamwambia nitakuja, tena aniwekee maji ya kunywa.

Mstari wenyewe ni huu hapa kwenye skrini:

"".join(sorted("habari"))

Ukiuendesha unapata aabhir. Weka bahari mahali pa habari, unapata aabhir tena. Hiyo aabhir haitamkiki, haina maana, wala hutaikuta kwenye kamusi. Ichukulieni kama alama ya dole gumba. Maneno mawili yenye alama moja yametengenezwa kwa herufi zile zile, basi. Ukiwa na orodha ya maneno elfu ishirini na unataka kujua yapi ni ndugu, huna haja ya kulinganisha kila neno na kila neno. Unalipiga kila neno dole gumba mara moja, halafu unaliweka kwenye kapu lenye alama hiyo. Habari na bahari zitakutana kapuni zenyewe bila kuitwa.

Wanaoanza hunaswa mapema. Wengi huandika "habari".sort() na Python inawakatalia, ikisema stringi haina kitu hicho. Ni kweli haina. Stringi katika Python ikishaumbwa haibadiliki. Huwezi kuingia ndani yake ukahamisha herufi kama unavyohamisha viti sebuleni. Unachoweza ni kutengeneza nyingine mpya. Wengine huandika sorted("habari") wakaishia hapo, kisha wakashangaa kupewa listi, yaani orodha, ya vipande sita badala ya neno. Ndiyo maana kuna join, kazi yake ni kuvishona vile vipande. Na wapo wanaoigeuza stringi kuwa listi, wakaita .sort() juu yake, wakayahifadhi matokeo, na wanapochapisha wanaona None, yaani hakuna kitu. Kitendo kile hupanga listi pale pale ilipo na hakirudishi chochote. Huyo wa mwisho alikuwa mimi, na ilinigharimu mchana mzima wa Jumamosi.

Lugha nyingine za skripti zina tabia zao. Ruby inapendeza: "habari".chars.sort.join, unaisoma kama sentensi, toa herufi, panga, unganisha. Kwenye JavaScript ni split, kisha sort, kisha join, ila jihadharini, maana sort ya JavaScript usipoielekeza hupanga hata namba kana kwamba ni maneno, na 10 hutangulia 9. Kwenye PHP sort hubadilisha kitu chenyewe na kukurudishia jibu la ndiyo tu, kwa hiyo ukijaribu kuunganisha kile ilichokurudishia utaambulia patupu. Perl nayo ni join "", sort split //, $neno, ambayo kazi yake inaanzia kulia kwenda kushoto kama barua za babu.

Sasa, ndani ya sorted kuna nini? Mmewahi kumtazama konda wa daladala anavyoshika pesa? Hakai akalinganisha noti mbili mbili aone ipi ni kubwa. Noti za elfu zina kidole chake, za elfu mbili zina kidole chake, sarafu zina kiganja. Akipokea tu, ameshaweka mahali pake. Mwisho wa safari hana cha kupanga, zimeshapangika. Njia hiyo ipo kwenye kompyuta pia, ni upangaji wa kuhesabu, na aliyeiandika ni Harold Seward akiwa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1954. Kwa herufi inafaa kweli: fungua visanduku ishirini na sita, hesabu a ngapi, b ngapi, kisha zimwage kwa zamu.

Python haifanyi kama konda. Inatumia njia aliyoitunga Tim Peters mwaka 2002, ambayo mwenyewe aliipa jina lake akaiita Timsort, na baadaye lugha ya Java nayo ikaichukua. Uzuri wake ni kwamba inatafuta sehemu ambazo tayari zimepangika na kuzitumia badala ya kuzivuruga na kuanza upya. Lakini kwa neno fupi mbwembwe zote hizo hazionekani. Kitu chenye vipande chini ya 64 hupangwa kwa kuchomeka tu: unashika karata mkononi, unaokota moja, unaitafutia nafasi yake katikati ya zile zilizokwisha kaa sawa, unaichomeka. Neno la Kiswahili lenye herufi 64 mimi sijaliona, na ninyi mnaojua kunyambulisha vitenzi mkilipata mnipigie simu.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama haifai kuandika upangaji wa kuhesabu mwenyewe, uwe wa kasi zaidi. Kwa herufi sita? Hapana. Sorted imeandikwa kwa C, lugha yenye kasi, na wewe utakuwa unahesabu kwa Python. Atakutangulia hata kabla hujafungua visanduku vyako. Na kama swali lako ni kuhusu maneno mawili tu, kwamba haya ni ndugu au si ndugu, usipange kabisa. Python ina Counter, ya kuhesabia vitu, ndani ya maktaba yake ya collections. Counter("habari") == Counter("bahari") inakujibu True, mambo yamekwisha.

Hayo yalikuwa mepesi. Sasa andikeni Bahari kwa herufi kubwa, kama inavyoanza sentensi, na muipange. Mnapata Baahir. Ipangeni habari kwa herufi ndogo, mnapata aabhir. Undugu umekwisha! Na jina Zanzibar linatoka Zaabinrz, z moja imekaa kichwani na nyingine mkiani, kana kwamba zimegombana. Dar es Salaam ndiyo kabisa: matokeo yanaanza na nafasi mbili tupu, kisha D na S, kisha a nne. Wanaoanza huziona zile nafasi tupu wakadhani programu imeharibika.

Haijaharibika. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana jedwali la ASCII, na toleo hilo la kwanza halikuwa na herufi ndogo hata moja. Ziliingia mwaka 1967. Humo nafasi tupu ni 32, alama ya ritifaa, ile ya ng'ombe, ni 39, tarakimu zinaanzia 48, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Unapomwambia Python panga, anapanga namba hizo. Kwa hiyo Z kubwa, ambayo ni 90, inamtangulia a ndogo daima, na nafasi tupu inamtangulia kila mtu.

Msidhani namba hizo zimeshuka kutoka mbinguni. IBM walikuwa na jedwali lao kwenye mashine zao kubwa, EBCDIC, na humo a ndogo ni 129, A kubwa ni 193 na sifuri ni 240. Ndogo kwanza, kubwa baadaye, tarakimu mwisho kabisa. Neno lile lile, amri ile ile ya kupanga, jibu jingine. Na wenye lugha wanatofautiana vilevile bila kompyuta kuwepo. Mswidi ana ä na anaiweka baada ya z. Mjerumani ana ä hiyo hiyo na kwenye kamusi anaiweka pamoja na a. Wahispania walikuwa wakiihesabu ch kuwa herufi yake peke yake katika kupanga kamusi mpaka mwaka 1994, vyuo vyao vya lugha vilipokutana na kuamua basi, sasa ipangwe kama c na h. Walikaa kikao kuhusu ch! Wamewahi kunichekesha, mpaka yaliponikuta ya ng'ombe.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko darasa la tano. Likizo moja nilimtengenezea mchezo. Unampa kompyuta herufi, yeye anakutajia maneno yote yanayotengenezeka. Nilikusanya maneno kwa njia mbili. Mengine niliyapiga mwenyewe kwenye kompyuta, mengine dada yangu alinitumia kutoka kwenye simu yake. Mchezo ukapendwa nyumbani. Siku ya tatu mtoto akaja na uso umekunjamana.

"Mjomba, kompyuta yako haijui ng'ombe."

"Itakosaje kujua ng'ombe? Nimeliona neno kwenye orodha."

"Nimeandika. Inasema neno halipo."

Nikakaa. Nikatazama orodha, ng'ombe yupo. Nikatazama alichoandika mtoto, ng'ombe yule yule. Kwa macho hakuna tofauti. Nikazipanga herufi za kila mmoja, na hapo mashine ikasema ukweli. Ng'ombe wa mtoto alitoka hivi: 'begmno, ritifaa mbele. Ng'ombe wa orodha alitoka hivi: begmno’, ritifaa nyuma. Simu ya dada yangu, kama zilivyo simu nyingi na programu nyingi za kuandikia barua, ilikuwa imemrembea ritifaa. Badala ya ile iliyonyooka, namba 39, ilimwekea ile iliyopinda, ambayo kwenye Unicode, jedwali la leo la alama za lugha zote, ni 8217. Moja inatangulia alfabeti yote, nyingine inaifuata yote. Na kuna ya tatu, namba 700, iliyowekwa mahsusi kwa lugha ambazo alama hiyo ni sehemu ya herufi yenyewe, kama yetu. Kinadharia hiyo ndiyo halali yetu. Kwa vitendo sijakutana na kibodi ya duka la hapa mjini inayoiandika.

Nikafanya ujanja wa haraka ambao nadhani hata ninyi mngeufanya. Nikasema ritifaa zote nje. Futa. Ng'ombe akawa ngombe, mchezo ukaenda, nikanywa chai. Baada ya saa moja mtoto karudi.

"Mjomba, inasema ngao na ng'oa ni herufi moja."

Hebu zitazameni. Ngao ni n, g, a, o. Ng'oa ukiifuta ritifaa ni n, g, o, a. Kwa mashine hao ni mapacha. Kwa masikio ya mtoto wa darasa la tano hawana hata ujamaa, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi, kwa sababu hiyo ng' ni sauti moja. Ritifaa haikuwa pambo la kufutwa. Ilikuwa nusu ya jina la herufi.

Tulipofika hapo nikagundua kuwa tatizo langu halikuwa la kupanga hata kidogo. Nilikuwa sijaamua herufi ni nini. Python inaniambia stringi ng'oa ina vipande vitano. Mpwa wangu anasema vitatu. Kabla ya kuuliza ipi inatangulia ipi, ilibidi nijibu ngapi.

Na ukishaanza na ng' huwezi kuishia hapo. Chukueni haya: hisa, siha, hasi na isha. Kwa herufi za kibodi yote manne yana alama moja, ahis. Lakini isha ina sh, sauti moja, na yale matatu yana s yake na h yake, kila mmoja nyumbani kwake. Nayo na nyoa ni vivyo hivyo. Mtu akiniambia kwamba hisa na isha ni neno moja lililovurugwa, kwenye karatasi namkubalia, lakini mdomo wangu unakataa.

Nikaandika hivi, na ndivyo mchezo unavyofanya kazi mpaka leo:

import re
def alama(neno):
    neno = neno.lower().replace("’", "'")
    sauti = re.findall(r"ng'|ch|dh|gh|kh|ny|sh|th|[a-z]", neno)
    return tuple(sorted(sauti))

Isomeni taratibu. Kwanza herufi zote ziwe ndogo, na ritifaa iliyopinda inyooshwe. Kisha likatwe neno, lakini mashine ianze kutafuta zile zinazoandikwa kwa zaidi ya alama moja, ng' na wenzake, na ikizikosa ndipo ichukue herufi moja moja. Halafu panga. Sasa hisa inatoa vipande vinne na isha inatoa vitatu: a, i, sh. Ngao na ng'oa zimeachana kwa heri.

Angalieni mwisho kabisa, sikuunganisha kwa join. Hilo nalo lilinikuta. Ukiviunganisha vipande, n ikifuatiwa na y itafanana na ny, na kazi yote uliyoifanya imerudi ulikotoka. Tuple, ambayo ni kama listi isiyobadilika, inaviacha vipande vikiwa vimetengana, na Python inakubali tuple iwe jina la kapu.

Kilichonifurahisha ni kwamba sikulazimika kugusa mpangilio. Ukishakuwa na vipande, sh yenyewe inakaa baada ya s na kabla ya t, ch inakaa kati ya b na d, ng' inaingia baada ya n. Kama kamusi, bila kuambiwa. Mungu si Athumani.

Mwalimu wangu pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kuuliza: je, s na h zikikutana kwa bahati tu, si kama sauti moja? Katika maneno yetu ni nadra, lakini lipo jina moja mnalolijua nyote. Is-haka. Watu waliokuwa wakiandika jina hilo, miaka mingi kabla ya mimi kushika kompyuta, waliliona tatizo wakaweka kistari katikati ili mtu asisome Ishaka. Nililijaribu kwenye kodi ile (namaanisha kodi ya programu, si ya mwenye nyumba) na likapita salama, kwa sababu kistari kinaitenga s na h kabla mashine haijaziunganisha. Sikulipanga hilo. Wazee walilipanga.

Ina upungufu, nisiwafiche. Ile a mpaka z kwenye mabano inatupa kimyakimya chochote isichokijua. Mswahili wa Lubumbashi mwenye jina la Désiré atapoteza é zake zote mbili wala hataambiwa. Kwa mchezo wa mtoto sikujali. Kwa daftari la majina ya watu ningejali sana, na ningetaka programu ipige kelele badala ya kula herufi za mtu.

Na mbona kuishia kwenye sauti? Mtoto anayeanza shule kwetu hasomi h peke yake. Anasoma ba, be, bi, bo, bu. Kwake habari ni vipande vitatu, ha, ba, ri, na bahari ni ba, ha, ri. Kumbe kwa silabi pia ni ndugu! Vipi kuhusu rafiki na fikira? Ra, fi, ki. Fi, ki, ra. Ndugu tena, na safari hii ni silabi ya mbele tu iliyoruka kwenda nyuma. Mliokulia pwani mnaujua mchezo huu, mnauita kinyume: unaichukua silabi ya mwisho unaitanguliza mbele ili wakubwa wasielewe mnachosema. Fikira kwa kinyume ni rafiki. Kata ni taka. Lakini samaki na masika hazimo: sa, ma, ki haziwezi kuwa ma, si, ka hata uzizungushe mpaka kesho. Mpwa wangu alipolielewa hilo alitaka mchezo wa pili wa silabi tupu. Bado anaudai.

Nimalizie na bendera, kwa sababu najua humu ndani mnapenda imoji kuliko mnavyopenda ubwabwa. Imoji ya bendera si alama moja. Ni herufi mbili maalumu za msimbo wa nchi zilizokaa pamoja, na simu ikiziona zimepangwa jirani inachora bendera. Tanzania ni T na Z. Sasa ichukueni bendera ya Tanzania muipange kwa sorted. T inatangulia Z, kwa hiyo haiguswi. Rwanda ni R na W, salama. Burundi, B na I, salama. Kongo ya Kinshasa, C na D, salama. Kenya ni K na E, ukiipanga inakuwa E na K, na nchi hiyo haipo, unabaki na vijisanduku viwili vyenye herufi. Na Uganda? U na G. Ukizipanga ni G na U, na GU ni Guam, kisiwa cha Marekani kule Pasifiki. Unaingiza Kampala, unatoka Guam, na hukuomba pasipoti.

Hilo ni Python, ambayo angalau inaihesabu kila alama ya Unicode kuwa kipande kimoja. JavaScript ukitumia split ya kawaida inazikata hata zile alama zenyewe katikati, na bendera inageuka kuwa vumbi.

Hapo nilikuwa nimemaliza, na nikauliza kama kuna maswali. Kijana mmoja aliuliza kuhusu usaili wa kazi, nikamjibu: ukiulizwa swali hili la kupanga herufi, andika ule mstari mmoja kwanza, kisha muulize anayekuhoji kama herufi kubwa zinahesabiwa na maneno yatatoka lugha gani. Dada mmoja akauliza kama ng ya ngoma, ile isiyo na ritifaa, nayo si sauti moja. Tulibishana dakika tano, na nikiri kwamba alikuwa na hoja. Mimi niliiacha ikiwa vipande viwili kwa sababu nikiichukua hiyo itabidi nichukue mb, nd na nj, na mchezo wa mtoto ungekuwa tasnifu.

Kisha akasimama mzee mmoja, mzazi wa mmoja wa vijana, kofia ya kiua kichwani.

"Mwanangu, umetutaja Waswidi na Wahispania. Sisi tuliosoma chuoni, Kiswahili chetu tulikiandika kwa alifu, be, te. Hiyo mashine yako inazipangaje?"

Nikamwomba anitajie herufi tatu. Akasema be, ye na pe, ile be yenye nukta tatu chini, maana Kiarabu chenyewe hakina p na waandishi wetu waliihitaji kwa pwani, kwa Pemba, kwa Pangani. Nikaziandika kwenye skrini, nikapanga. Be ikatoka kwanza, ina namba 1576. Ikafuata ye, 1610, ya mwisho katika alifabeti ile. Na nyuma yake, peke yake, pe, 1662.

Mzee akacheka. "Pe amewekwa mlangoni kama mgeni."

"Mzee, angekuwa wewe ungemkalisha wapi?"

"Karibu na be. Wamefanana sura, na ndiyo jirani yake."

Basi nikaandika stringi moja ndefu, jina lake mpangilio, herufi zote kama alivyonitajia mzee mwenyewe huku watu wakimsahihisha kutoka nyuma, pe ikiwa imefuata be. Chini yake nikaandika sorted(neno, key=mpangilio.index), na nikaonya kwamba ikikutana na herufi ambayo mzee hakuitaja itagoma. Nikaendesha. Be, pe, ye. Mzee akaniambia nimwandikie mstari ule kwenye karatasi, na nikauandika.